Lugha Mbili katika Gazeti Moja: Magazeti ya Wahamiaji na Habari za Vita katika Migori na Homa Bay

Historia ya magazeti nchini Kenya husimuliwa aghalabu kana kwamba ilianzia Mombasa na kukomea Nairobi. Mwanafunzi hufundishwa juu ya African Standard, gazeti lililoanzishwa Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20 na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi. Huambiwa kwamba liliuzwa kwa Wazungu mwaka 1905, likahamia Nairobi mwaka 1910 likiwa na jina la East African Standard, na hatimaye likawa sauti ya walowezi waliompinga Mhindi aliyelizaa. Kisa hicho kina kejeli ya kutosha na si ajabu kwamba hurudiwa katika kila utangulizi. Lisiloulizwa sana ni nani aliyekuwa akisoma magazeti ya wahamiaji mbali na miji hiyo miwili, kwa lugha ipi, na ni nani aliyesimama kando ya gazeti lilelile asiweze kulisoma. Swali hili likihamishiwa pembe ya kusini-magharibi ya nchi, katika maeneo ambayo leo ni kaunti za Migori na Homa Bay na ambayo wakati wa ukoloni yalikuwa sehemu ya wilaya ya Kavirondo Kusini, mengi yaliyodhaniwa kuwa wazi huanza kutatanisha. Hutatanisha zaidi pale habari yenyewe inapokuwa ya vita ambavyo bado havijafika.

Eneo hilo lilivijua vita kabla ya kulizoea gazeti. Mpaka unaopita kusini mwa Migori ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, na miaka 28 baadaye ulivukwa kwa silaha. Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani chini ya Kapteni Bock von Wülfingen kiliingia kutoka kusini. Karungu, bandari ndogo iliyokuwa makao ya utawala kabla ya Kisii, ikawa mikononi mwao. Meli ya Winifred ilipoikaribia ghuba hiyo ikiwa na askari wa Kiingereza ilikutana na chombo cha Wajerumani kilichoitwa Muansa, ikalazimika kurudi nyuma. Tarehe 12 Septemba wakapigana Kisii, na Kapteni Thorneycroft wa King's African Rifles akauawa hapo.

Wakati huo ng'ambo ya mpaka kulikuwa na magazeti si haba. Deutsch-Ostafrikanische Zeitung lilikuwa likitoka Dar es Salaam tangu 1899, nalo ni gazeti la wahamiaji kwa maana kamili ya neno: Wajerumani waliokuja kulima mkonge na kahawa wakiandikiana kwa lugha ya nyumbani juu ya nchi isiyokuwa yao. Kulikuwa pia na magazeti ya Kiswahili, Kiongozi la Tanga na Pwani na Bara la wamisheni wa Kiprotestanti, ambayo wanafunzi wa historia ya nathari ya Kiswahili wanayajua vyema. Na kulikuwa na tumaini, lililoshikwa na wengi wa pande zote mbili, kwamba Mkataba wa Berlin wa 1885 ungeliepusha bonde la Kongo na nchi za jirani zisiburutwe katika vita vya Ulaya, maana ndani yake mlikuwa na vifungu vya kutopendelea upande. Tumaini hilo lilidumu siku chache tu.

Upande wa Kenya ziwani hapakuwa na chombo cha namna hiyo. Mtambo wa kupiga chapa ulikuwapo: Waadventista walikuwa wamekwisha kuuweka Gendia, karibu na Kendu Bay, muda mfupi kabla ya vita. Hata hivyo kazi yake ilikuwa maandiko ya dini, si habari za ulimwengu. Taharuki ya vita vilivyokuwa vikija ilibebwa na fani nyingine kabisa. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alisema kwamba joka la ziwani, Mumbo, lilimmeza na kumtapika, na kwamba Wazungu wangeondoka. Ujumbe huo ulisafiri kwa mdomo ukateremka kusini hadi nchi ya Wagusii. Mwaka uliofuata maafisa wa Kiingereza wakauacha mji wa Kisii mbele ya macho ya watu. Wamisheni walihamishwa, wenyeji wakaingia mjini na katika misheni wakachukua walichokiona, na adhabu waliyopewa baadaye ilikuwa kunyang'anywa ng'ombe. Mhakiki anayetaka kulinganisha hadhira ya magazeti ya Dar es Salaam na hadhira ya Mumbo atagundua jambo lisilopendeza: wale waliosoma magazeti walitarajia amani, na wale waliosikiliza unabii walitarajia mageuzi. Hakuna haja ya kuamini joka ili kulitambua hilo.

Vita hivyo vya kwanza viliacha fundisho jingine juu ya gazeti la mhamiaji. Tarehe 1 Novemba 1913 Wahindi walioishi San Francisco walianza kutoa Ghadar, kwanza kwa Kiurdu na kisha kwa hati ya Gurmukhi, likiwaita Wahindi wa ng'ambo wajiandae kuiondoa Uingereza India. Nakala zake zilifika Afrika Mashariki. Mwaka 1915 Wahindi kadhaa wa Himaya ya Afrika Mashariki walishitakiwa chini ya sheria ya vita kwa maandishi na mawasiliano ya namna hiyo, na baadhi yao wakanyongwa. Kwa hiyo mwenye duka wa Kihindi, awe Mombasa au kandokando ya Nam Lolwe, alijua mapema kwamba karatasi yenye lugha ya mama inaweza kumtia mtu kitanzi wakati serikali inapokuwa na hofu. Ujuzi huo haukuandikwa popote, lakini ni vigumu kuyasoma magazeti ya Wahindi ya miaka ya 1930 bila kuuhisi nyuma ya kila sentensi ya heshima kwa Mfalme.

Katika muongo huo wa 1930 maduka ya Wahindi yalikuwa yamekwisha kuota mizizi Kendu Bay, Homa Bay, Karungu na katika vituo vya barabarani vya bara. Dhahabu ilikuwa ikichimbwa Macalder, na vijana waliopata mshahara huko walihitaji nguo. Nguo hiyo, aghalabu, ilitoka Japani. Meli za Osaka Shosen Kaisha zilikuwa zikija pwani ya Afrika Mashariki tangu 1926, na mwaka 1932 Japani ilifungua ubalozi mdogo Mombasa. Kitambaa cha pamba cha Osaka kilikisukuma kando kile cha Lancashire na hata kile cha Bombay kwa sababu ya bei yake. Waingereza walitamani kukizuia kwa ushuru wa upendeleo, kama walivyofanya katika makoloni mengine, lakini hapa walifungwa mikono na mkataba uleule wa Berlin, uliofanyiwa marekebisho Saint-Germain mwaka 1919, ambao uliagiza kwamba biashara ya eneo la Kongo na jirani zake iwe wazi kwa mataifa yote yaliyohusika. Ndiyo kusema kwamba waraka uliotarajiwa kuzuia vita mwaka 1914 na kushindwa, sasa ndio uliokuwa ukiwavisha wanawake wa Homa Bay. Msomi wa fasihi hana budi kukumbuka kwamba hati za kisheria nazo zina upokezi wake, na kwamba maana yake hubadilika kadiri wasomaji wanavyobadilika.

Kenya haikuwa na gazeti la Kijapani. Wajapani waliokuwako walikuwa wachache mno. Lakini upande wa pili wa bahari ya Pasifiki, katika Hawaii na pwani ya magharibi ya Marekani, Wajapani walikuwa makumi ya maelfu, na magazeti yao yanatoa kielelezo kinachofaa kuwekwa kando ya magazeti ya Wahindi wa Kenya. Nichibei Shimbun la San Francisco lilianza 1899, Rafu Shimpo la Los Angeles 1903. Huko Honolulu, Nippu Jiji la Yasutaro Soga lilishindana kwa miaka mingi na Hawaii Hochi la Fred Makino. Yote yalianza kwa Kijapani kitupu. Kisha watoto wa wahamiaji wakakua, wakasoma shule za Kiingereza, na magazeti yakafungua kurasa za Kiingereza kwa ajili yao: Nippu Jiji mwaka 1919, Rafu Shimpo mwaka 1926.

Hapo ndipo jambo la kifasihi linapozaliwa. Japani ilipoivamia China mwaka 1937, kurasa za Kijapani ziliandika kwa kizazi cha wazazi, watu ambao sheria ya Marekani iliwanyima uraia na ambao kwa hiyo hawakuwa na nchi nyingine ya kuiita yao isipokuwa Japani. Habari zao nyingi zilitoka kwa Domei, shirika la habari la Japani. Kwa sauti hiyo vita vilikuwa vya haki, na wasomaji walihimizwa kuwachangia askari fedha na vifurushi vya zawadi. Kurasa za Kiingereza za magazeti hayohayo ziliandika kwa watoto, raia wa Marekani kwa kuzaliwa, zikawahimiza waonyeshe utii kwa nchi yao. Baba na mwana waliweza kuketi meza moja, wakagawana gazeti moja, na kila mmoja akasoma vita vyake. Ni rahisi kuuita unafiki. Tafsiri hiyo ni nyepesi mno. Mhariri hakuwa na nafsi mbili. Alikuwa na hadhira mbili zilizotenganishwa na sheria ya uraia kabla hazijatenganishwa na lugha.

Mwisho wa magazeti hayo unajulikana. Baada ya shambulio la Bandari ya Pearl tarehe 7 Desemba 1941, Soga alikamatwa akapelekwa katika kambi za bara la Marekani. Magazeti ya Honolulu yalisimamishwa, yakaruhusiwa kutoka tena mapema 1942 chini ya mkaguzi, na baadaye yakabadili majina, Nippu Jiji likawa Hawaii Times na Hawaii Hochi likawa Hawaii Herald. Huko Los Angeles mchapishaji wa Rafu Shimpo, H. T. Komai, alitiwa kizuizini. Gazeti lilikoma Aprili 1942, wakati Wajapani wapatao 120,000 walipokuwa wakiondolewa makwao kupelekwa kambini. Kabla ya kuondoka, mwanawe alizificha herufi za chuma za Kijapani chini ya sakafu ya ofisi. Mmoja kati ya waandishi wachache waliothubutu kupinga uhamisho huo hadharani, James Omura, alitoa ushahidi wake mbele ya kamati ya Bunge la Marekani Februari 1942, kwa Kiingereza. Kwa lugha nyingine asingesikiwa na waliokuwa na uwezo wa kuuzuia.

Sasa na yatazamwe magazeti ya Wahindi wa Afrika Mashariki. Samachar lilikuwako Unguja tangu mwanzoni mwa karne. Mombasa ilikuwa na Kenya Daily Mail la J. B. Pandya, na Dar es Salaam ilikuwa na Tanganyika Opinion. Nairobi, mwaka 1933, Girdhari Lal Vidyarthi, mzaliwa wa mji huo, alianzisha Colonial Times. Magazeti haya nayo yalikuwa ya lugha mbili, Kiingereza na Kigujarati. Kwa sura, basi, yanafanana na yale ya Los Angeles. Kwa mpangilio wa ndani, yanapingana nayo. Kwa Wajapani wa Marekani, Kiingereza kilikuwa lugha ya watoto. Kwa Wahindi wa Kenya, Kiingereza kilikuwa lugha ya serikali: ukurasa wa Kiingereza uliandikwa ukijua kwamba ungesomwa na Katibu wa Koloni, na mara nyingi uliandikwa hasa kwa ajili yake, ukidai viti katika Baraza la Kutunga Sheria na haki ya kumiliki ardhi ya nyanda za juu. Ukurasa wa Kigujarati ulikuwa wa nyumbani. Humo mlikuwa na mambo ya jamii, ndoa, mahubiri, bei, na siasa za India.

Vita vilipokaribia, mpangilio huo ulitiwa katika jaribio gumu. Italia iliivamia Uhabeshi mwaka 1935, na Kenya inapakana na Uhabeshi. Kwa hiyo katika Afrika Mashariki vita havikuwa habari ya ng'ambo hata kabla ya 1939. Septemba 1939 Gavana Mkuu wa India, Linlithgow, alitangaza kwamba India imo vitani bila kushauriana na viongozi wake, na kabla ya mwaka kwisha serikali za majimbo zilizoongozwa na chama cha Congress zilijiuzulu. Mhariri wa Kihindi wa Nairobi alijikuta katika hali ambayo mwenzake wa Kijapani hakuijua. Mjapani wa Los Angeles alikuwa raia wa adui wa kesho. Mhindi wa Nairobi alikuwa raia wa dola lililokuwa likipigana, na dola hilohilo ndilo aliloliona likiwaminya ndugu zake. Alichukia ufashisti kwa dhati, lakini aliuliza kwa dhati vilevile uhuru uliokuwa ukipiganiwa ulikuwa wa nani. Kauli hizo mbili hazikupingana. Ila hazikuweza kuandikwa kwa sauti moja katika lugha zote mbili.

Kuna tofauti nyingine inayostahili kutajwa. Gazeti la Kijapani la Marekani lilikuwa na mashirika mawili ya habari yaliyopingana, la Marekani na la Japani. Gazeti la Kihindi la Kenya lilitegemea Reuters, chanzo kilekile cha gazeti la walowezi. Matini ya habari ilikuwa moja. Ubunifu wa mhariri ulikuwa katika kuipanga, kuipa kichwa, kuiweka juu ya ukurasa au chini, na kuizungushia maoni. Magazeti ya Bombay yaliyokuja kwa meli yalifika wiki kadhaa baadaye yakiwa na maelezo ya upande wa pili. Hivyo msomaji wa Homa Bay, aliyepata gazeti lake baada ya kusafiri kwa treni hadi Kisumu na kisha kwa meli, alisoma siku moja habari za nyakati tatu: simu ya Reuters iliyokwisha kupitwa, maoni ya Nairobi juu ya simu hiyo, na gazeti la Bombay lililoandikwa kabla ya yote mawili. Wananadharia wa usimulizi wameandika vitabu vizima juu ya uvurugaji wa wakati katika riwaya. Wenye maduka ya ziwani waliuishi kila meli ilipotia nanga.

Lakini dukani hapakuwa na msomaji huyo peke yake. Palikuwa na mteja. Huyu ndiye aliyesahauliwa na tahakiki nyingi za magazeti haya, zikiwemo zile zinazowasifu wahariri wa Kihindi kwa ushujaa wao, sifa wanayoistahili. Mteja Mjaluo aliyekuja kununua kitambaa aliliona gazeti juu ya meza. Lilikuwa na hati mbili: moja hakuijua kabisa, ya pili labda aliitambua kutoka shule ya misheni. Gazeti hilo lilizungumza juu ya vita ambavyo angepelekwa yeye. Wakenya wapatao 98,000 walihudumu katika vita hivyo, na Nyanza ilitoa sehemu kubwa ya askari na vibarua. Hakuna hata moja kati ya zile lugha mbili iliyomwita yeye. Katika istilahi za nadharia ya upokezi, alikuwa mhusika wa matini asiyekuwa hadhira yake.

Alikuwa na njia nyingine za kujua. Baraza la chifu lilikuwa moja, na humo habari ilifika tayari ikiwa amri. Bei ya kitambaa ilikuwa ya pili, na pengine ilikuwa ya kweli zaidi. Tarehe 26 Julai 1941 Uingereza, sambamba na Marekani, ilizizuia mali za Japani, na biashara nayo ikakatika. Majora ya Osaka yalipoisha rafuni hayakuletwa mengine. Miezi mitano kabla ya vita vya Pasifiki kutangazwa, mwanamke wa Rongo au wa Sori aliyeambiwa kwamba kitambaa cha bei nafuu hakipo alikuwa amepewa habari ya kimataifa isiyokuwa na mkaguzi. Mwenye duka ndiye aliyekuwa mfasiri. Aliyoyasoma kwa Kigujarati aliyatoa kwa Kiswahili cha duka au kwa Kijaluo chake cha biashara, akipunguza na kuongeza kadiri alivyoona inafaa. Fasihi simulizi ya namna hiyo haikuhifadhiwa na mtu yeyote, na watafiti wa Kiswahili ambao hukusanya kwa bidii mashairi na ngano hawana desturi ya kuuliza mazungumzo ya kaunta yalikuwaje.

Serikali iliuelewa upungufu huo haraka kuliko wahariri. Mwaka 1939 kampuni ya East African Standard ilianzisha Baraza, gazeti la Kiswahili, mhariri wake wa kwanza akiwa Francis Khamisi. Hivyo mjukuu wa gazeti la Jeevanjee ndiye aliyetangulia kuzungumza na Mwafrika juu ya vita kwa lugha aliyoijua, na mjukuu huyo alikuwa mikononi mwa nyumba ya walowezi. Khamisi alikuwa mwandishi hodari na haifai kumdunisha. Baraza lilifungua nafasi kwa barua na mashairi ya wasomaji ambazo hazikuwako kabla. Hata hivyo mipaka yake ilikuwa wazi. Mei 1940 chama cha Kikuyu Central Association kilipigwa marufuku, na gazeti lake Muigwithania, lililoandikwa kwa Kigikuyu, likanyamazishwa. Mwezi huohuo Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi wa Nairobi, alikamatwa India. Sauti zilizokuwa zimeanza kuvuka mipaka ya lugha na rangi zilizimwa pamoja.

Magazeti ya Kihindi hayakufungwa. Hili linahitaji kuelezwa, kwa kuwa kulingana na mfano wa Honolulu na Los Angeles mtu angetarajia yafungwe. Sehemu ya jibu ni kwamba dola lilimhitaji Mhindi katika vita. Sehemu nyingine, ambayo wanahistoria hawajaipa uzito wa kutosha, ni lugha. Lawama iliyoandikwa kwa Kiingereza ilikuwa malalamiko, nayo serikali ilizoea kuyapokea. Lawama iliyoandikwa kwa Kigujarati ilibaki ndani ya jamii isiyozidi sehemu ndogo ya wakazi wa nchi. Maadamu gazeti lilikaa katika lugha zake mbili, lilikuwa na uhuru wa namna yake, na uhuru huo ulilipiwa kwa kutosikiwa na walio wengi.

Askari waliondoka. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wakiwamo wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki. Mwaka huohuo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana na Wajapani katika misitu ya Burma. Miaka mitano kabla, jina la Japani lilikuwa chapa kwenye pindo la kitambaa.

Walipoanza kurudi walikuta hali ya magazeti imebadilika. Achieng Oneko alikuwa mhariri wa Ramogi, gazeti la Wajaluo, tangu 1945. Vidyarthi naye alikuwa amekwisha kuvuka mpaka ambao magazeti ya wahamiaji wa Marekani hayakuuvuka: pamoja na Colonial Times alikuwa akitoa Habari za Dunia, kwa Kiswahili. Hatua hiyo haielezwi vya kutosha na neno tafsiri. Gazeti la mhamiaji lilikuwa limeacha kuchagua kati ya lugha ya nyumbani na lugha ya mtawala, likamgeukia yule mteja wa dukani na kumfanya msomaji. Kwa mtazamo wa historia ya Kiswahili tukio hilo ni zito kuliko mengi yanayojaza mihutasari ya vyuo, na bado halijapata tasnifu yake.

Kumbukumbu za mahakama zinaonyesha serikali iliipimaje hatua hiyo. Mwaka 1945 Vidyarthi alishitakiwa kwa uchochezi kutokana na yaliyochapishwa katika Colonial Times, akatozwa faini. Mwaka 1946 akafungwa miezi 4 na kazi ngumu. Mwaka 1947 alifungwa tena, na safari hii shitaka lilihusu Habari za Dunia. Kifungo kilikuwa miezi 18. Mtu anaweza kusema kwamba mkosaji wa mara ya tatu huadhibiwa zaidi, na sheria ndivyo ilivyo. Lakini vita vilikuwa vimekwisha, hofu ya adui wa nje haikuwapo tena, na kilichokuwa kimebadilika kuliko vyote kati ya shitaka la kwanza na la tatu ni lugha ya ukurasa.

Huko Los Angeles, Rafu Shimpo lilikuwa limekwisha kurudi tarehe 1 Januari 1946, likapigwa chapa kwa herufi zilezile zilizotolewa chini ya sakafu, kwa Kijapani na kwa Kiingereza kama zamani. Wasomaji wake walikuwa wakitoka kambini na wakitafutana. Matangazo ya nani yuko wapi yalikuwa na thamani kuliko tahariri. Kuhusu Homa Bay na Migori, mtafiti atakayetaka kuendelea na kazi hii itambidi aweke kurasa za Kigujarati, za Kiingereza na za Kiswahili za miaka ya 1939 hadi 1947 mbele yake kwa pamoja, jambo litakalomlazimu kujifunza Kigujarati au kufanya kazi bega kwa bega na anayekijua. Kisha itambidi aende Kendu Bay, Karungu na Rongo akawaulize wazee, wangali wapo wachache, walivyosikia wakiwa watoto maneno ya mwenye duka siku alipowaambia wazazi wao kwamba nguo ya Japani haitakuja tena.